Aliyebeba Nyuki Siku ya Kura

Katibu wa shirika letu aliniomba niwaandikie vijana wanaoanza kazi ya kutazama uchaguzi maneno ya nusu ukurasa. Nimejaribu. Nusu ukurasa haitoshi hata kueleza mtazamaji akae wapi kituoni, kwa sababu ukikaa karibu na sanduku wataambizana kwamba unanusa kura, na ukikaa mlangoni wataambizana kwamba unahesabu wafuasi. Kwa hiyo nimeandika nilivyoweza. Atakayechoka aishie alipochokea. Mimi sitajua, nimeshastaafu.

Jina langu la ubatizo ni Veronika, lakini tangu nijifungue pacha Tabora nzima inaniita Mama Kulwa. Shirika letu mnalijua: vyumba viwili pale Gongoni nyuma ya duka la vitenge, kabati la chuma, na birika la kahawa ambalo halijawahi kupoa. Uchaguzi mkuu ukija tulikuwa wengi, tena wenye fulana mpya. Ukipita, tulibaki wachache, tukifundisha uraia mashuleni na kusubiri diwani fulani afariki, ajiuzulu au ahame chama, maana hapo ndipo uchaguzi mdogo huitishwa. Sisemi tuliwaombea mabaya. Nasema tu kwamba diwani akikohoa mkutanoni, sisi tuligeuka kumtazama.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Maalim Nasoro. Ukoo wake ni wa Waarabu wa mjini, ambao babu zao walikuja na misafara kufanya biashara wakaona hakuna haja ya kurudi. Alikuwa mrefu, mkavu, na kanzu yake ilikuwa na mkunjo wa pasi hata wiki ambayo umeme haukuwaka. Nilipomwamkia siku ya kwanza, aliitikia marahaba, akaniuliza kama najua kunyamaza. Nikaanza kumweleza jinsi ninavyojua. Akainua kidole, akaniambia somo limeanza na tayari nimekosa swali la kwanza.

Siku yangu ya kwanza kituoni ilikuwa hapohapo Gongoni. Kabla ya upigaji kura kuanza, msimamizi wa kituo hulifunua sanduku mbele ya mawakala wa vyama, watu wote wakaona kwamba ni tupu, ndipo hulifunga kwa lakiri za plastiki. Maalim hakuridhika kuchungulia. Aliingiza kichwa chote ndani, akakaa humo kitambo, akatoka na kusema, "Tupu," kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Nikaona hiyo ndiyo kazi. Nami nikaingiza kichwa. Nilipokitoa, hereni yangu moja ilibaki ndani.

Wakala wa kwanza akasema sanduku si tupu tena. Wa pili akasema ni kweli, na kwamba yeye hawezi kutia saini kuwa ni tupu hali lina dhahabu. Nikawaambia si dhahabu. Wakasema hilo nalo halijathibitishwa. Sanduku likapinduliwa, likatikiswa, hereni ikatoka, tukaanza upya, na foleni nje ikataka kujua kwa nini kituo kimechelewa. Askari akawajibu kwamba kuna mama amepoteza pambo ndani ya demokrasia. Tangu siku ile sijavaa hereni kazini, na ninyi msivae.

Vifaa vyenu ni vichache. Kalamu mbili, kwa sababu moja ataiazima karani. Viatu vya kusimamia. Kigoda chenu wenyewe, maana viti vya shule vimetengenezwa kwa watoto na vitawakumbusha hilo kufikia saa nne. Khanga, ambayo ni mwavuli, mto, kitambaa na mlango. Na chupa ya chai kutoka nyumbani. Chai hiyo ni muhimu kuliko mnavyodhani. Ukinywa ya wakala huyu, yule mwingine atataka unywe na yake ili mizani ikae sawa, na saa kura zinapigwa wewe utakuwa umejificha chooni ukitazama mlango.

Baada ya Gongoni nilizunguka kila mahali. Nzega tulimpata mpiga kura aliyeingia kwenye kituturi, kile kijumba cha karatasi ngumu ambamo mtu huweka alama yake bila kuonekana, na hakutoka. Tulisubiri. Msimamizi akakohoa. Mawakala wakakohoa. Kumchungulia mtu pale ni marufuku, na kumtaka aharakishe ni kumshinikiza. Mwishowe msimamizi alifungua daftari akaita jina lake kwa sauti ya mwalimu anayeita mahudhurio, na kutoka ndani mtu akaitikia, "Nipo!" Alikuwa mchimbaji dhahabu aliyetoka zamu, akaona kivuli, akalala akiwa amesimama. Alipiga kura yake vizuri tu. Maalim aliniambia niandike kwamba siri ya kura ililindwa kikamilifu, hata na mpiga kura mwenyewe.

Lakini kisa ambacho watu huniomba niwasimulie ni cha nyuki, na kwa miaka yote niliyokuwa kazini sikukisimulia. Sasa naweza.

Ilikuwa kata moja ya upande wa Tura, mashariki, ambako reli inafuata njia ile ya zamani ya misafara. Diwani wao alikuwa amehamia kwa mwanawe Mwanza, akajiuzulu kwa simu. Wagombea waliokuwa na nguvu walikuwa wawili. Wa kwanza ni Masanja, mrina asali, mpole, ambaye mikutano yake ya kampeni iliisha mapema kwa sababu hakuwa na maneno mengi. Wa pili ni Ramadhani Kasele, mwenye duka la vifaa vya umeme wa jua, ambaye maneno alikuwa nayo. Kasele alitoka katika ukoo wa wapagazi. Babu wa babu yake alibeba pembe kichwani kutoka huku hadi pwani, na Kasele hakuacha mtu yeyote asahau. Kila mkutano alimaliza kwa kusema, "Sisi kwetu ni watu wa kubeba. Nipeni mzigo wenu niubebe." Wote wawili walikuwa warefu na wembamba, wa umri mmoja, na ukiwaona kwa mgongo ungedhani ni ndugu. Hilo mlikumbuke.

Nilipangiwa kituo cha shule ya msingi. Msimamizi wake alikuwa Mwalimu Lusia, binti mdogo, mkali, aliyekisoma kitabu cha maelekezo mpaka kikaota masikio. Wakala wa Kasele alikuwa Bi Zuhura, shangazi yake, mama mnene mwenye sauti ya kengele. Wa Masanja alikuwa kijana aitwaye Shija, ambaye kila alichosema Zuhura yeye alikipinga kwanza, kisha akauliza amesema nini.

Asubuhi meza ya kuwekea sanduku ilivunjika mguu. Mwalimu Lusia akaazima nyingine kwa kikundi cha wauza asali waliokuwa jirani na uwanja. Tuliifuta kwa kitambaa chenye maji, tukaridhika. Nyuki ni wagumu zaidi kuridhika.

Walikuja jua lilipokuwa limepanda vizuri. Kwanza tulisikia mvumo, nikadhani ni treni. Kisha dirisha likawa jeusi. Lilikuwa kundi zima linalohama, na liliingia ndani kwa utulivu kama watu waliopewa anwani. Walikwenda moja kwa moja hadi mezani, wakaning'inia kwenye sanduku kama ndevu, wakafunika lile tundu la kutumbukizia kura. Karani alichomoka mlangoni akiwa na chupa ya wino, na mpaka leo ukuta wa shule ile una alama ya kidole ambayo si ya mpiga kura yeyote.

Sote tulikuwa nje kabla hatujajua tumetokaje. Nyuki mmoja alinipata kwenye mdomo wa juu. Nataja hilo kwa sababu lilikuja kuwa na maana kazini.

Hapo ndipo Mwalimu Lusia alipokumbuka sanduku. Sanduku lenye kura haliachwi peke yake hata kwa kupepesa macho, maana upande utakaoshindwa utasema limechezewa, na watakuwa na haki ya kusema hivyo. Uchaguzi wa kata nzima ungeweza kufutwa. Na vijana wa pande zote mbili walikuwa wameshakesha wakitambiana; hakuna aliyetaka kuwarudisha tena kwenye kampeni. Basi tukafunika vichwa kwa khanga, Zuhura, Shija na mimi, tukarudi dirishani tukashika nondo, tukatazama. Ndiyo kazi tuliyolipwa. Sijawahi kutazama sanduku kwa makini namna ile.

Kulikuwa na tatizo jingine. Bibi mmoja alikuwa amekwisha kuweka alama kwenye karatasi yake nyuki walipoingia, akatoka nayo ngumini. Karatasi ya kura haitoki kituoni. Askari akamwambia airudishe ndani. Bibi akamtazama askari, akatazama nyuki, akamwambia atangulie yeye. Mwalimu Lusia akaamua akae kwenye kiti katikati ya uwanja, ngumi yake iwe juu ili watu wote waione. Shija akalalamika kuwa kuinua mkono ni kampeni. Bibi akaushusha. Zuhura akalalamika kuwa kuushusha ni kuficha. Ikakubaliwa auweke kwenye kidevu, na hapo ukakaa.

Nilimpigia simu Maalim Nasoro, ambaye kwa umri alikuwa anatusimamia akiwa barazani kwake Gongoni. Kwa mdomo uliovimba nikamwambia kituo kimevamiwa na nyuki.

Akauliza, "Wa chama gani?"

Nikamwambia hawajasema.

"Basi tazama tu," akasema, akakata.

Mwalimu Lusia alikuwa amekaa chini anafungua kitabu. Kulikuwa na maelekezo ya mvua, ya moto, ya ghasia, ya mpiga kura mlevi. Ya nyuki hayakuwepo. Alifungua tena ukurasa wa watu wanaoruhusiwa kuwepo kituoni, akausoma kwa sauti, akahitimisha kwamba nyuki hawamo na kwamba hawana kitambulisho, kwa hiyo ni lazima waondolewe. Akamwagiza askari awaondoe. Askari, kijana wa Dodoma aliyekuwa na heshima, alimjibu kwamba yeye huondoa mtu mmoja mmoja.

Warina asali karibu wote walikuwa porini kwenye kambi zao, ni msimu wa kurina. Aliyebaki kijijini alikuwa mmoja, na alibaki kwa sababu alikuwa mgombea.

Masanja aliitwa. Alikuja na mzinga mtupu wa gome la mti begani na mwenge wa nyasi, bila haraka, kama mtu aliyeitwa kufunga bomba. Kabla hajafika mlangoni Bi Zuhura alikuwa ameshafika. Alisema mgombea hawezi kugusa sanduku lenye kura zake mwenyewe. Akasema tena kwamba mgombea kuokoa kituo mbele ya foleni nzima siku ya kura ni kampeni kubwa kuliko zote alizofanya. Nilitaka kutabasamu, lakini mdomo haukukubali. Kwa kweli alikuwa na hoja.

Kasele akafika naye, kwa sababu alikokwenda Masanja siku hizo Kasele alifuata. Mwalimu Lusia akasimama akatoa uamuzi ambao mpaka leo naufundisha: wataingia wagombea wote wawili, au hataingia yeyote, watafunikwa kuanzia kichwani ili foleni isimtambue mtu, sanduku litashikwa na yeye Lusia peke yake, na askari atasimama na ndoo ya maji kwa ajili ya ule mwenge, maana kura ni karatasi.

Zahanati ikatoa vyandarua vitatu vyeupe. Zuhura akauliza kama rangi ile ina chama. Tukafikiri. Haikuwa nayo.

Kasele alikuwa anaogopa nyuki. Nilimwona alivyokuwa anafungwa chandarua kiunoni. Alimwuliza Masanja kwa sauti ndogo kama inauma. Masanja akamjibu kwamba inauma, akamfunga fundo la mwisho. Nilivyomfahamu, hakuwa mtu wa kudanganya hata pale ambapo ingesaidia.

Tukawatazama kutoka dirishani. Mwalimu Lusia alishika sanduku kwa mikono miwili, macho ameyafumba, anasali Salamu Maria. Masanja alipuliza moshi kidogo, akaingiza kiganja chini ya zile ndevu, akazichota kama anachota uji, akaziweka mzingani. Alichota tena. Malkia alipoingia, wengine wakaanza kumfuata wenyewe, kwa foleni nzuri kuliko ile ya nje. Lakiri zote zilikuwa mahali pake. Nilizikagua kwa macho moja baada ya nyingine, na Zuhura na Shija wakazikagua, na kwa mara ya kwanza siku ile wakakubaliana.

Ikabaki kuwatoa. Masanja akainama kuinua mzinga, na Zuhura akagonga nondo. Akasema kazi ya ndani amefanya Masanja, haya; lakini atakayetoka mbele ya watu na mzinga lazima awe mtu wao, ili mizani ikae sawa. Shija akapinga, akauliza amesema nini, akaelezwa, akakosa sababu ya kuendelea kupinga. Masanja akasema kwake ni sawa. Akamtwisha Kasele mzinga kichwani, akamwambia maneno machache: atembee taratibu, asisimame, avuke reli mpaka kwenye miti, na asifungue kinywa kabisa, kwa sababu pumzi ya mtu huwakasirisha nyuki.

Kasele akatoka.

Nataka mlione hili kama nilivyoliona. Watu walio kwenye foleni walijua kwamba ndani kuna wanaume wawili waliofunikwa vyandarua, warefu, wembamba, na kwamba mmoja ni mrina asali na mwingine anauza taa. Sasa akatokea mmoja na mzinga unaovuma kichwani, shingo imenyooka, hatua zinafuatana kama za mtu aliyezaliwa nao. Nani angefikiria ni muuza taa?

Foleni nzima ikaanza kushangilia, "Masanja! Masanja!" Akina mama wakapiga vigelegele. Askari alipiga filimbi kukataza kampeni, wakashusha sauti wakaendelea kwa kunong'ona, na mnong'ono wa watu wengi kiasi kile ulisikika hadi stesheni. Kasele alipita katikati yao akiwa na nyuki kichwani na jina la mpinzani wake masikioni, na hakuweza kusema neno. Niliona chandarua kikitetemeka mahali penye kidevu. Lakini hakuyumba. Mzinga ule aliubeba sawasawa, akavuka reli, akapotelea mitini.

Kisha Masanja akatoka, bado amefunikwa chandarua, mikono mitupu, akijipangusa masizi. Watu wakamcheka. Mmoja akasema, "Kasele naye alikuwa amejificha nyuma ya mlango."

Kituo kikafunguliwa. Bibi wa ngumi akapiga kura yake kwanza. Karatasi ilikuwa imelowa jasho mpaka ikabidi aipepee kabla ya kuikunja. Wakati huo habari ilikuwa imeshapanda bodaboda kwenda vituo vingine vya kata, na niliambiwa baadaye kwamba kwenye kituo cha mwisho Masanja alikuwa ametoa chatu.

Kasele aliporudi, amevua chandarua, uso umejaa mapele, alikuta hivyo. Akaanza kuwaeleza watu kwenye foleni kwamba ni yeye. Wakamhurumia. Akaapa. Askari akamwambia kwa heshima kwamba mgombea kujisifia mbele ya wapiga kura siku ya kura ni kampeni, aondoke. Ndipo aliponiona mimi dirishani.

"Mama Kulwa," akasema, "wewe umeona kwa macho yako. Waambie tu. Sikuombi kingine."

Niliona. Lakini mtazamaji hazungumzi na wapiga kura kuhusu mgombea wakati kura zinapigwa, hata kama anachosema ni kweli, na zaidi sana kama ni kweli. Nikataka kumweleza hivyo kwa upole. Mdomo ulikuwa umefika puani. Nilichotoa kilikuwa sauti kama ya bata, na Kasele akaichukulia kuwa ni kejeli. Akaondoka ameinamisha kichwa kile kile.

Kura zilihesabiwa, zikajumlishwa na za vituo vingine, na kabla ya magharibi matokeo yakasomwa palepale shuleni. Masanja alikuwa ameshinda kwa tofauti ndogo sana. Bi Zuhura akaweka kalamu chini, akasema hatii saini. Nje vijana wa Kasele walianza kusogea, na wa Masanja wakaanza kusogea kuwakabili. Niliona jiwe mkononi mwa mtu, kisha kwa mwingine. Mwalimu Lusia alikuwa ameshika zile karatasi kifuani. Upuuzi wote wa mchana ukanitoka kichwani. Nilifikiria tu mlango ulipo.

Masanja akapanda juu ya kiti. Mtu yule hakuwa msemaji. Alisubiri kidogo kama vile maneno yanatoka mbali. Akasema:

"Aliyebeba nyuki ni Kasele. Mimi nilibaki ndani. Mlishangilia jina langu, lakini shingo ilikuwa yake. Kama yupo aliyenipa kura kwa ajili ya wale nyuki, ajue alikosea mtu."

Kisha mzee mmoja aliyekuwa mbele, mtu wa upande wa Kasele kabisa, akatikisa kichwa akasema kwa mshangao wa kweli:

"Huyu Masanja ni mnyenyekevu jamani. Mpaka nyuki zake anampa mwenzake."

Mtu akacheka. Watu wa Masanja wakacheka, wakaanza kumpigia makofi kwa unyenyekevu wake. Masanja akasema hapana, ni kweli, na kadiri alivyosisitiza ndivyo walivyozidi kumpenda. Kicheko kikavuka upande wa pili. Vijana wa Kasele walijitahidi kukasirika, lakini ni vigumu kushika jiwe huku tumbo linauma kwa kucheka, na mmoja mmoja wakayaacha mawe.

Kasele alisimama katikati ya kicheko kile, mapele usoni, akiwatazama watu wake. Mwisho akamgeukia shangazi yake akasema, "Tia saini, Shangazi. Tukikaa hapa zaidi watasema hata mimi amenibeba yeye." Zuhura akatia saini. Mwalimu Lusia akaketi chini sakafuni, akaomba chai, nikampa yangu.

Ripoti niliandika na Maalim. Nilikuwa na kurasa nyingi. Alizisoma akinywa kahawa, akakata, akarudia kukata, ikabaki sentensi moja: kwamba upigaji kura ulisimama kwa muda kutokana na nyuki, na uliendelea baada ya kuondolewa. Kasele alipata nakala. Akapanda treni, akaja Gongoni, akamwuliza Maalim kwa nini nyuki wameondolewa bila kutajwa mtu. Maalim akamkaribisha, akammiminia kahawa, akamweleza kwamba sisi hatutaji wagombea kwa sifa wala kwa lawama, na mtazamaji akianza kumsifia mmoja hata baada ya uchaguzi, uchaguzi unaofuata hakuna atakayemwamini. Kasele akamwuliza kama ni hivyo milele. Maalim akamwambia ni mpaka Mama Kulwa atakapostaafu. Nadhani alisema hivyo ili mgeni apate la kuondoka nalo. Kasele alilichukua kama tarehe.

Alikuwa ananipigia simu kila mwaka kuniuliza afya na umri. Maalim alifariki, Mungu amrehemu, nikashika kiti chake, na Kasele akanitumia rambirambi, chini yake akauliza kama kupanda cheo kunasogeza mbele kustaafu. Nikamjibu hapana.

Nilipoagwa ofisini, simu ya kwanza ilikuwa yake. Juma lililofuata nikapanda treni kwenda Tura.

Alinipokea stesheni, ana mvi, amekonda zaidi. Duka la taa alimwachia mwanawe. Baada ya siku ile hofu ya nyuki ilimwisha, akaenda kwa Masanja kujifunza, na Masanja alipomaliza udiwani wakawa washirika. Siku hiyo ilikuwa siku ya gulio. Walikuwa na meza moja yenye chupa za asali na viti viwili, na Masanja alikuwa kwenye kimoja, akanikaribisha kwa "mwangaluka", salamu ya kwao, na kuniletea soda. Kasele akasimama, akapiga makofi mpaka watu wakageuka, akaniashiria.

Nikasimama. Nilikuwa nimejitayarisha ndani ya treni. Nikasema kwa sauti ile ya Maalim ya mahakamani kwamba mimi, Veronika, niliyekuwa mtazamaji wa uchaguzi katika kituo kile, nikiwa na akili timamu na sasa nisiye na kazi, nathibitisha kuwa nyuki walibebwa na Ramadhani Kasele, kichwani, peke yake, kutoka darasani mpaka ng'ambo ya reli, bila kuyumba na bila kufungua kinywa.

Watu wa gulio walinisikiliza kwa adabu. Mama mmoja aliyekuwa anachagua chupa akamwinamia Masanja. "Baba Masanja," akamwambia kwa upole, "mpaka leo? Na huyu mama umemtoa Tabora aje kusema hivyo? Kweli wewe una moyo."

Masanja akaanza kukana, akanitazama, akamfungashia asali yake.

Lakini Kasele hakumsikia yule mama. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mgongo umenyooka, macho ameyafumba, mkono wa kulia umetulia juu ya chupa ya asali kama mtu anayeapishwa. Nikalirudia tamko lote tangu mwanzo, polepole, ili alipate vizuri.